Neno Ambalo Mzee Hakulisema

Padre akija kusoma Misa kwenye kigango chao nje ya Bisil, ikifika komunyo, Naeku huchunga mikoba. Wanawake wanapanga foleni kwenda mbele, na wakipita kwenye benchi lake wanamrundikia kila kitu: mikoba, shuka, simu zenye vioo vilivyopasuka, watoto wenye mafua. Wao wanaenda kupokea, yeye anabaki amezingirwa na mizigo kama mtu anayengoja gari la Namanga. Amefanya hivyo miaka thelathini na mmoja, na hakuna aliyewahi kupoteza hata leso.

Si kwamba hajui dini. Jamani! Naeku ndiye anayeijua. Litania nzima anaitoa bila kitabu, kwa Kiswahili na kwa Kimaasai. Ndiye anayefungua kanisa, ndiye anayefagia mavi ya mbuzi wanaolala mlangoni, na ndiye anayesimama kando ya Padre Githongo kutafsiri mahubiri, maana wazee wengi wa pale Kiswahili chao ni cha sokoni tu. Padre akisema sentensi tatu, Naeku anasema tatu. Siku moja Padre alikemea wanaopika pombe, na dada wa Naeku wa tumbo moja alikuwa ameketi mbele kabisa, yeye akiwa ndiye mpishi mkuu. Naeku alitafsiri yote bila kupepesa. Dada mtu alinuna mwaka mzima, lakini tangu siku ile watu walijua kwamba likipita kwenye mdomo wa Naeku, neno limefika zima.

Kosa lake ni moja: ni mke wa pili. Mzee Simel alimwoa Nailantei kwanza, na miaka sita baadaye akamwoa Naeku, kwa ng'ombe na kwa baraka za wazee, mchana kweupe, bila kumwibia mtu. Ni Naeku aliyeanza kwenda kanisani, na ni yeye aliyemvuta Nailantei. Mafundisho yalipokwisha, Nailantei alibatizwa akaitwa Maria, kwa kuwa ndoa yake ndiyo ya kwanza. Naeku akaambiwa angoje. Angoje nini? Kila katekista akifika hapo alikuwa anaanza kukohoa. Angoje mume afe, au amwache mume. La tatu halikuwepo. Basi akarudi kwenye benchi la wakatekumeni, wale wanaongoja ubatizo, akazaa watoto watano, akazeeka pale pale.

Na alichokitaka kilikuwa kitu kimoja. Hakutaka cheo, hakutaka sare ya chama cha kina mama. Alitaka kupokea komunyo kama mke mwenzake, hata kama ni mara moja tu kabla hajafa. Likimshika hilo, alikuwa anakosa hamu ya chakula.

Siku hizi angeweza kupata njia rahisi, maana siku hizi njia ni nyingi mno. Bintiye Seleyian ana saluni Kitengela, na barabara anayoishi ina makanisa manne, kila moja na spika yake, kila moja na nabii wake. Kanisa la Seleyian ni la mabati, na nje kuna tangi la plastiki lililokatwa nusu. Unaamini asubuhi, saa sita uko ndani ya maji, saa saba unakula pilau. Hakuna anayekuuliza wewe ni mke wa ngapi.

"Mami, si ubatizwe tu kwetu yaishe?" Seleyian alikuwa akimwambia mama yake kila alipokuja kliniki kule. "Hao watu wamekuweka nje tangu nikiwa tumboni."

Mume wa Seleyian, Felix, kijana mpole asiyekosa kifurushi cha data, alikuwa anamsogezea simu. Video baada ya video: ati Papa amesema hili, ati Papa hakusema, ati maaskofu wa huku wamekataa, ati wa kule wamekubali, na mwingine amevaa joho jeusi akilia kwamba Kanisa limeuzwa. "Hata huko Roma hawasikizani, mama," Felix alisema. "Sasa wewe unangojea nini kwa watu ambao wenyewe hawajui?"

Usidhani hayo hayakumwingia. Yalimwingia. Nyumbani Bisil benchi la wakatekumeni lilikuwa na watu kumi na mmoja kabla ya ule ukame mkubwa. Ng'ombe walipoisha, manabii walikuja na unga na maombi, na benchi likabaki na watu watatu. Siku moja Kitengela Naeku alisimama kando ya lile tangi, akatia mkono, akakuta maji yana joto. Alisimama hapo kitambo. Kisha akajifuta mkono kwenye shuka.

"Mimi sikuitwa na video," alimwambia Felix, "na video haitanitoa."

Haya. Mwezi wa kumi na moja Mzee Simel akaanguka katika soko la mifugo la Bisil, akiwa ameshika mkia wa ndume aliyekuwa akimkagua. Alilazwa Kajiado wiki mbili, akarudi upande wa kushoto umekufa, mdomo umepinda, na kale ka Kiswahili kadogo alikokuwa nako kamepotea chote. Daktari alisema mrudisheni nyumbani, na hakusema rudini lini.

Siku ya nne Simel, aliyeicheka dini ya wake zake maisha yake yote, akasema anataka kubatizwa. Padre alikuwa mbali, upande wa Mashuuru. Akaitwa katekista, Mwalimu Muteti. Huyu ni Mkamba aliyekuja Bisil kitambo kufundisha dini, mtu mzuri, mtu wa kutembelea wagonjwa, lakini ni mtu wa kitabu. Kimaasai chake kinaishia kwenye salamu na bei ya mbuzi. Basi nani atafsiri? Si ni Naeku? Alipiga magoti upande mmoja wa kitanda, na Nailantei akakaa upande wa pili ameshika kikombe cha maji.

Muteti akauliza kama Mzee anamwamini Mungu. Naeku akatafsiri, Mzee akasema ndiyo. Akauliza kama anatubu. Ndiyo. Kisha Muteti akageuza ukurasa, akavua miwani, akaivaa tena.

"Mama Seleyian, samahani sana," akasema. "Lakini lazima aulizwe. Mkristo ako na mke mmoja. Mzee amtaje mke wake ni nani, yule mwingine amwachilie. Asipomtaja, siwezi kummwagia maji."

Naeku alilitafsiri lote, neno kwa neno. Lakini tuseme ukweli: alipomaliza, aliomba moyoni asikie jina lake. Alijua si haki. Alijua Nailantei ameketi pale pale, aliyemkanda mgongo katika uzazi wa watoto wote watano. Na bado aliomba.

Simel aliwatazama, mmoja kisha mwingine. Akasema polepole, mate yakimtoka, maneno yamevunjika kiasi kwamba mgeni hangeyashika. "Hawa wote ni wa boma langu. Mimi sifukuzi mtu mlangoni wakati naondoka mwenyewe."

"Anasema nini?" Muteti akauliza.

Pumzi ya Mzee ilikuwa inakoroma. Naeku akaona vile itakuwa: atasema alichosema Mzee, Muteti atafunga kitabu kwa huruma nyingi, na huyu mtu atakufa mkavu, leo au kesho, kwa sababu ya mwanamke aliyeolewa wa pili.

"Anasema Nailantei," Naeku akasema.

Nailantei aliinua macho. Alikuwa amesikia yote kwa masikio yake mwenyewe. Alimtazama mke mwenzake, na chumba kizima kilikuwa kinangoja kinywa chake, ijapokuwa Muteti hakujua. Kisha akanyoosha mkono, akampa Muteti kikombe. Simel akabatizwa, akaitwa Yosefu.

Basi Mzee hakufa! Hilo hakuna aliyelipangia. Krismasi ilimkuta ameketi, anakunywa uji, anagombana na watu. Muteti alikuwa anamletea komunyo kila Jumapili, na Simel alivaa shuka safi tangu alfajiri, rozari shingoni, akiuliza kama yule Mkamba bado hajaonekana barabarani. Naeku alikuwa anamfuta mdomo kabla na baada. Alikuwa anamwonea wivu na kumfurahia kwa pamoja, na hakujua amshukuru Mungu kwa lipi.

Mwezi wa kwanza Muteti alikuja kwake anatabasamu. "Mama Seleyian, Mungu ni mwema. Mzee alikuachilia, sasa hakuna kizuizi. Pasaka hii unabatizwa." Ila kuna jambo dogo, akasema: mtu aliyeachiliwa hawezi kuendelea kukaa boma lile lile. Aende kwa binti yake Kitengela, amalizie mafundisho huko, yeye atamwandikia barua.

Hapo ndipo angesema. Mlango ulikuwa wazi kabisa, na hakusema. Alitaka, wewe! Akasema, "Asante, Mwalimu," akaenda kufunga nguo zake. Mzee akaambiwa na Nailantei kwamba Naeku ameenda kutibiwa macho.

Kitengela alifundishwa na mama mmoja mkali, Madam Kaluki, pamoja na wenzake arobaini, wengi wao vijana wanaotaka kufunga ndoa. Naeku aliwashinda wote. Seleyian alinung'unika, lakini akamnunulia gauni jeupe, akalining'iniza ndani ya saluni wateja walione. Kila wiki Nailantei alipiga simu.

"Anakuuliza," alisema.

"Mwambie macho bado."

"Anasema uyalete hayo macho nyumbani, atayatibu mwenyewe kwa fimbo."

Walicheka. Wiki iliyofuata vivyo hivyo, na iliyofuata. Halafu wiki moja karibu na Jumapili ya Matawi Nailantei alipiga, akazungumzia mvua, akazungumzia ndama. "Siku hizi haulizi," akasema.

Jumamosi Kuu asubuhi walifanya mazoezi kanisani. Madam Kaluki aliwapanga mstari mmoja, akawafundisha jinsi ya kujibu ahadi. Je, mnamkataa Shetani? Wote wakaitika: namkataa. Na matendo yake yote? Namkataa. Na uongo wake wote? Mdomo wa Naeku ukakataa kufunguka.

"Mama, hukunisikia?"

"Nimesikia, Madam," Naeku akasema. Akatoka nje, akampigia Muteti, akamwambia kila kitu akiwa amesimama kwenye jua.

Muteti akakohoa. "Mama, kwa nini unaniambia mimi? Mimi si padre. Hii si kitubio."

"Kitubio nitaungama wapi na mimi sijabatizwa? Ningemwambia nani?"

"Basi nisikilize." Sauti yake ilishuka. "Kesho ukimwagiwa maji, dhambi zako zote zinaisha, hata hiyo. Ndivyo Kanisa linafundisha, si mimi nimebuni. Nyamaza tu siku moja. Moja, Mama Seleyian! Nimekuona kwenye hiyo benchi mpaka naona aibu."

Alikuwa anambembeleza kwa moyo wake wote, yule mtu wa kitabu, na hilo lilimuuma Naeku zaidi kuliko kama angemfokea.

"Mwalimu, Mzee hakunifukuza," akasema. "Nikisimama kesho niseme niko huru, nimesimama juu ya neno ambalo Mzee hakulisema. Kama ningetaka maji ya namna yoyote, ningeingia kwenye tangi la kina Seleyian kitambo."

Alilikunja gauni akaliacha kitandani kwa bintiye. Seleyian alimpigia kelele mbele ya wateja, ati ana wazimu, ati ni kesho tu, ati hao watu wamemroga. Kisha akaketi kwenye kiti cha wateja akalia na kichana mkononi. Naeku alimshika kichwa, lakini hakukaa.

Alasiri alifika bomani, akamkuta Simel ameketi kwenye kiti cha plastiki ukutani. Amekonda. Rozari iko shingoni. Alimsalimu, na Mzee akachelewa kuitika.

"Macho yamepona?"

"Sikuwa naumwa macho." Akapiga magoti chini, akamweleza yote, tangu swali la Muteti mpaka jibu alilompa. Nailantei alitoka zizini na kibuyu cha maziwa, akasikia ni habari gani, akasimama.

"Mimi nilisikia siku ile," Nailantei akasema. "Nikanyamaza. Niweke na mimi hapo."

Mzee alitafuta maneno kwa ule mdomo wake. "Kwa hiyo ulinifanya nikufukuze."

"Ndiyo."

"Miezi mitatu nimekaa hapa. Nilikuwa najiuliza nilikukosea nini."

Naeku alilia bila kujificha. Simel akamwacha alie, kisha akamuuliza, "Na wewe, siku ile, ulitaka nimtaje nani?"

Angeweza kusema lolote. Nailantei alikuwa amesimama hatua mbili kutoka pale.

"Nilitaka unitaje mimi."

Nailantei alitazama ndani ya kibuyu chake. "Mimi najua," akasema. "Nilikuona usoni."

Mzee akaishika rozari kwa mkono ule mzima. "Na maji yangu? Yalikuwa ya bure?"

"Sijui, Mzee," Naeku akasema, na ilikuwa mara ya kwanza ameulizwa jambo la dini akakosa jibu.

Padre Githongo alifika Jumatano ya Pasaka, na mtafsiri mwingine. Alisema ubatizo ni ubatizo, hauondoki. Lakini komunyo isimame mpaka Mzee achague. Alimuuliza upya, kwa upole. Naeku mwenyewe alimsihi kwa Kimaasai: mtaje Nailantei, Mzee, mtaje tu, utatuua. Simel akamwambia mtafsiri kwamba alishajibu swali hilo mwaka jana, na yeye hajibu swali mara mbili kama mtoto wa shule. Padre aliinamisha kichwa. Alisema atamwandikia Askofu, na nadhani aliandika.

Jumapili zilizofuata Muteti hakuja. Simel aliendelea kuvaa shuka safi, akikaa ameelekea barabara mpaka jua linakuwa kali, ndipo anaomba arudishwe ndani. Hakumlaumu mtu. Ingekuwa afadhali angelaumu. Mwezi wa saba, ule wa baridi, alifariki asubuhi moja Naeku akimlisha uji, jibu la Askofu likiwa bado. Padre alimzika vizuri kwa Misa, na wakati wa udongo aliitwa mjane mbele. Aliitwa mmoja. Nailantei alienda, akageuka nyuma mara mbili.

Mwezi wa nane Muteti alikuja bomani na kile kitabu kikubwa cha wakatekumeni. Aliwakuta wanawake wote wawili nje, Nailantei akiwa amejitolea kuwa msimamizi wa mwenzake katika ubatizo. Muteti alikunywa chai, akatoa pole tena, akatafuta jinsi ya kuanza.

"Mama Seleyian, sasa kweli hakuna kizuizi," akasema.

Naeku alimtazama. Kizuizi kilikuwa kimelala pale nyuma ya zizi, udongo wake bado mwekundu. Lakini alijua Mwalimu hana nia mbaya, akajibu alichoulizwa. Jina, Naeku. Miaka, sitini na miwili. Watoto, watano.

"Hali ya ndoa?"

"Mjane."

Kalamu ikasimama. Muteti akavua miwani. "Mama, mjane wa Mzee Yosefu ni Mama Maria hapa. Nilishamwandika hivyo kwenye kitabu cha wafu, penye jina la Mzee. Wewe hapa inabidi niandike hujaolewa."

Nailantei akaguna.

"Ni neno tu la kitabu," Muteti akasema haraka. "Halibadilishi kitu. Pasaka unapokea, mama. Miezi minane tu, unapokea."

Naeku alitaka kama alivyotaka siku zote. Miaka yote hiyo haikuwa imempunguzia hata chembe. Aliweka kikombe chini.

"Mwalimu, nilishasema neno moja ambalo Mzee hakulisema, na aliishi nalo miezi mitatu akidhani nimemkataa. Sisemi lingine. Andika mjane, au funga kitabu."

"Andika, Mwalimu," Nailantei akasema. "Mimi ndiye ninayesema, andika."

Muteti aliwatazama wote wawili, midomo yake ikicheza kama mtu anayesali. Kisha akaweka kalamu mfukoni, akafunga kitabu.